Mteja wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na watoto, je? Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimeisha, na goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi. Huku tupo. Kazi ipo, na afya ipo kwa kiasi chake. Mvua imenyesha wiki nzima, paa la karakana linavuja palepale linapovuja siku zote, na ndoo tumeiweka palepale.

Najua umeshangaa kupata bahasha badala ya simu. Jumapili ile uliponieleza kwamba wewe na wifi mmekisafisha chumba cha chini, mmekipaka rangi na kuweka kitanda kifupi ili Baba asipate tabu kushuka, nilikujibu kwamba Baba haendi popote, ana kazi, kisha simu ikakatika. Baadaye nikakuandikia ujumbe kuwa ni mtandao. Haukuwa mtandao. Nilikukatia kwa sababu nilipandwa na hasira. Uliniambia pia kwamba Baba alikuuliza jambo lilelile mara tatu katika simu moja, nami nikasema mzee anakuchokoza tu. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake, kwa hiyo nitakujibu hapa kwa utaratibu, kama ninavyoandika ripoti za kazi, ili ijulikane kama Baba aje kwako au abaki karakana. Tafadhali usiruke kurasa. Nakujua wewe, unasoma mwanzo na mwisho, katikati unakisia.

Wewe uliondoka hapa karakana ikiwa ya bati tupu. Sasa imegawanyika. Nusu ya mbele bado ni ya Baba: mashine ya kukunjia, mikasi ya bati, nyundo zake zilizotundikwa kwa ukubwa. Nusu ya nyuma ni yangu. Kuna meza ndefu ya kukatia, vyerehani, na majora ya kitambaa cheupe yaliyoegemezwa ukutani. Nitakueleza kazi yenyewe, maana nimesikia unawaambia watu huko kwamba mdogo wako anashona mapazia. Ukumbi mkubwa wenye watu wengi unahitaji hewa ya baridi itoke kwenye mashine na kuwafikia wote. Baba aliisafirisha hewa hiyo maisha yake yote ndani ya bomba la bati, linaloning'inizwa kwa vyuma na lenye mdomo kila baada ya hatua kadhaa. Mimi naisafirisha ndani ya bomba la kitambaa. Ni kama mkono mrefu wa shati uliozibwa mwisho na kutundikwa kwenye waya. Feni ikipuliza, kitambaa kinajaa, na hewa inatoka taratibu kwenye kitambaa chenyewe na kwenye mistari ya matundu madogo tuliyoyachoma. Ni jepesi, halipigi kelele, na likichafuka linavuliwa, linafuliwa, linarudishwa. Mapazia hayana hesabu kama hizo.

Baba aliyaita mabomba yangu soksi za tembo. Mbele ya wateja aliniuliza kama nachukua na vipimo vya mashati yao. Alisema kitambaa hakina adabu, feni ikizimwa kinalegea kama suruali iliyosahauliwa kwenye kamba, ikiwashwa kinapiga kofi. Sikujali sana. Unajua Baba kusifu hajui. Ulipoleta cheti chako cha chuo alikisoma mbele na nyuma, kisha akauliza kama umefunga geti. Mimi nilipomaliza ukumbi wangu wa kwanza, aliniambia zipu zinang'aa mno.

Kilichomleta upande wangu ni kosa. Nilitundika bomba katika ukumbi wa wafunga vitabu, na kuelekea mwisho nikaongeza matundu, kwa sababu Baba alitulea tukijua kwamba hewa ikifika mwisho wa bomba inakuwa imechoka na mdomo wa mwisho lazima usaidiwe. Hakuna mtu aliyekulia kwenye bati ambaye asingefanya hivyo. Haukupita muda akaja mama mmoja wa meza ya mwisho, amevaa masweta mawili na shingo haigeuki, akataka kujua amemkosea nani. Baba alicheka hadi akakaa chini, kisha akanuna, maana hata yeye angeyaweka matundu yale yale. Tulichukua kipande cha bomba, tukafunga uzi kwenye kila tundu, tukawasha feni ya majaribio na kutazama. Nyuzi za mwanzo zilining'inia kivivu. Za mwisho zilinyooka kama sindano. Katika bomba la kitambaa lililozibwa hewa haichoki, inapunguza mwendo na kuanza kusukuma. Tulikuwa tumekosea sote wawili, kosa la watu wa bati. Kuanzia hapo Baba akawa anapita nyuma kila asubuhi, mwanzoni mikono ikiwa mgongoni, baadaye na chaki.

Mwaka huu tukapata ukumbi wa kukatia na kufungasha mboga. Ni ukumbi mrefu wenye dari ya chini, wanawake wamesimama pande mbili za meza za chuma, na visu vyao vinakwenda kwa kasi ambayo sikupenda kuitazama. Juu yao palikuwa na bomba la bati la fundi mwingine, si letu. Bati lilikuwa la baridi na hewa ya ukumbini ina unyevu, kwa hiyo lilitoa jasho, na jasho likawa linadondokea kwenye trei za mboga. Wakaguzi walikuwa wameshawaonya. Msimamizi wa ukumbi, mama mwembamba anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa, alikuwa amefunga karatasi za nailoni chini ya bomba zima, na wafanyakazi wanapita wameinamisha vichwa. Alituambia anataka kitu kisichotoa jasho, kisichomgandisha mtu na kisichomlazimu kusimamisha kazi. Nilianza kumweleza kwamba bomba la kitambaa kinachopumua halitoi jasho, kwa kuwa hewa inapenya mwilini mwake kote na unyevu haupati pa kukaa. Baba akaniwahi, akamweleza yeye, kwa maneno yangu mwenyewe, bila kutaja soksi wala tembo.

Kaka, ungemwona Baba katika kazi ile. Mimi nilitaka mabomba mawili membamba, yeye akataka moja la nusu duara, lililokaa bapa kwenye dari kwa sababu dari iko chini. Alisimama kwenye kila meza, akainama kama anayekata, akaweka kiganja kwenye shingo yake na kutazama juu. Alisema matundu yasiwatazame watu, yatazame kuta, ili hewa iwashukie bila wao kujua imetoka wapi. Karibu na feni palikuwa na kona kali, na hewa inayotoka kwenye kona hufika na vurugu, ikakitikisa kitambaa mpaka kichakae. Akasema hapo nguo haina lake, hapo ni pa bati. Akakunja shingo ndefu ya bati, akaweka wavu ndani yake wa kuituliza hewa, na akataka pete nyembamba ndani ya kitambaa ili kisilegee feni ikizimwa. Ile shingo sijaona mfano wake. Mimi nilipiga hesabu za kasi na msukumo, lakini mchoro ni wake mwanzo hadi mwisho.

Hadi hapo utaona nilikuwa na haki ya kukwambia Baba haendi popote. Mtu anayeweza kufanya hivyo huwezi kumweka chumba cha chini akatazame bustani. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na kwa nusu ya kwanza ya barua hii bado ninalisimamia.

Sasa upande wa pili. Siku moja wakati wa kazi hiyo Baba alitoka kwenda kununua ribiti, zile pini za kubania bati. Alichelewa, akarudi bila ribiti, amenyolewa. Lile duka la vifaa lilihama zamani, wewe ukiwa bado hapa, na mahali pake pana kinyozi. Baba alikuwa ameingia, akaona viti na vioo, akaona haya kutoka, akakaa akanyolewa. Alitusimulia mwenyewe, tukacheka mpaka vyerehani vikasimama. Nilimwambia amependeza. Nilijiambia mtu yeyote anaweza kupotewa na duka.

Halafu ukaja ule mkia. Kila bomba lina kipande cha mwisho kilichozibwa, sisi tunakiita mkia, na kipande cha mwanzo kilicho wazi, cha kuvishwa kwenye shingo ya feni. Baba alikata mkia akampa Bi Sindano. Ndivyo tunavyomwita mshonaji wetu mkuu, mama wa makamo anayebana sindano mdomoni hata anapoongea. Mkia ukashonwa, ukakunjwa, ukawekwa. Kesho yake Baba akakata mkia tena, huu akauagizia zipu ya upande wa mwanzo. Tulipounganisha vipande vyote sakafuni kwa majaribio, tulikuwa na bomba lenye mikia miwili na lisilo na mdomo. Washonaji walicheka hadi machozi. Baba alicheka pia, lakini kwa kuchelewa, baada ya kututazama kwanza aone tunacheka nini.

Bi Sindano hakucheka. Alinivuta kando, akatoa sindano mdomoni, jambo ambalo ni nadra, akaniambia nimjulishe kaka yangu. Nilimwuliza nimjulishe nini. Akasema mzee amemletea mkia mara mbili, na mara zote mbili amemweleza upya mkia ni kitu gani, yeye aliyeshona mikia tangu tulipofungua. Akanionyesha na mchoro ambao Baba alikuwa ameuanza pembeni ya meza: bomba linalopungua upana kuelekea mwisho na matundu yanayoongezeka, kana kwamba yule mama wa masweta mawili hajawahi kuja kwetu. Nilisema hayo ni mazoea ya bati. Nikamwambia Bi Sindano aangalie zipu zake. Lilikuwa jibu baya na nimeshamwomba radhi, lakini siku ile nililitoa kwa uso mkavu nikarudi kwenye hesabu zangu. Unaona jinsi nilivyokuwa na jibu la kila kitu.

Tulilitundika bomba siku ya mapumziko, ukumbi ukiwa mtupu. Kesho yake wafanyakazi waliingia, na msimamizi akataka tuwashe wao wakiwa mezani. Katika ukumbi ule haingii mtu bila koti jeupe, wavu wa nywele na barakoa, kwa hiyo sote tulifanana. Niliwasha feni polepole kama Baba alivyoagiza. Kitambaa kilijaa kuanzia shingoni, pete moja baada ya nyingine, bila kofi, hadi mkia ukakaza. Kisha hapakuwa na kelele. Wanawake walibaki wametazama juu wakingoja mngurumo waliouzoea, na mmoja akauliza kama imeharibika. Msimamizi alipita meza hadi meza akiinua kipande cha karatasi laini kwenye shingo za watu ili aone kama kinacheza. Alirudi akasema inafaa. Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Baba alitembea chini ya bomba kutoka kwenye feni hadi mkiani, kichwa juu, kiganja kimeinuliwa. Aliporudi alisimama kando yangu akaniuliza kwa heshima, mama, kazi hii ameichora nani. Nilidhani ananitania, nikamwambia ni fundi mmoja mzee mwenye kiburi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mzee huyo anaijua hewa, na shingo ile ya bati si ya mtu wa juzi, nimpe mkono kwa niaba yake. Kisha akanisogelea, kama mtu anayetaka kumwambia mgeni jambo la nyumbani. Akasema naye ana binti, kitinda mimba wake, anayefanya kazi hii ya kitambaa. Alimbeza sana, akasema, kwa sababu aliogopa mtoto atakufa njaa, kumbe mtoto alikuwa ameona mbali. Sasa amempita baba yake, anapiga hesabu ambazo yeye hata kuzisoma hawezi. Akasema hajawahi kumwambia, na ameshakuwa mzee mno kuanza, kwa hiyo nikikutana naye nisimwambie.

Nilimwahidi kwamba sitamwambia. Nikatia mikono mifukoni mwa lile koti. Nje, tulipovua barakoa, Baba alinitazama akasema twende, Kitinda, njaa inauma. Nilishukuru sana. Nikajiambia ilikuwa barakoa tu, na wavu, na makoti yale yanayofananisha watu. Ungekuwepo nawe ungesema hivyo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa uruke, na ndipo usiruke. Koti lile na barakoa sikuvirudisha. Wiki iliyofuata Bi Sindano alikuwa amekwenda kununua nyuzi na Baba yuko peke yake mbele. Nilivaa koti, wavu na barakoa huku nyuma, nikazunguka kwa nje, nikaja mlango wa mbele nikabisha hodi kama mteja. Nilijiambia ni kipimo. Akinicheka, basi ni mzima, na nitakupigia simu nikutambie. Hakunicheka. Alinipa kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akasema binti yake ametoka kidogo, hatakawia. Tulipokuwa tunamngoja huyo binti, akaanza kunieleza habari zake. Alinieleza kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa nashona midomo ya mifuko ya sukari na kuipuliza ili nione hewa inatokea wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Sikujua kama kuna mtu aliwahi kuniona. Nilikaa mpaka chai aliyonimiminia ikapoa, kwa sababu ya barakoa sikuweza kuinywa. Halafu nikaaga, nikazunguka, nikavua koti, nikaingia kwa mlango wa nyuma, na Baba akanigombeza kwamba kwa kuzurura kwangu nimepoteza mteja.

Nimefanya hivyo tena, na tena. Siku uliyopiga simu nilikuwa nimelivua koti muda si mrefu, ndiyo maana sikuwa na subira na wewe. Usidhani naandika haya nikilia. Nimekaa vizuri, dirisha liko wazi, vyerehani vinaendelea huko nje, nami nakueleza kilichopo. Asubuhi nyingi Baba ananijua. Ananiamsha, ananikosoa, anauliza kwa nini chai haina sukari. Kuelekea jioni anachoka, macho yanatulia mahali pasipo na kitu, na hapo ningeweza kumwita na kumrudisha, maana bado anarudi akiitwa. Sikumwita. Nilisimama kimya kungoja aniite mgeni. Sijawahi kusifiwa na Baba tangu nizaliwe, na sasa nasifiwa kila nikitaka, ila sharti lake ni kwamba asinijue. Sharti hilo nililikubali, kaka, na ninaona aibu kwa sababu sikulikubali kwa shida.

Jumatano iliyopita sikuvaa kitu. Nilitoka nyuma na uso wangu mtupu na gauni langu la kazi kumwuliza kama ameona futi. Baba aliinuka, akasema karibu mama, binti yangu ametoka kidogo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na ulimi ulikuwa tayari. Nilivuta kiti nikakaa.

Siku hiyo alinieleza jambo linalokuhusu. Alisema ana mwana mkubwa anayeishi mbali, amemwandalia chumba, na yeye angependa kwenda. Amechoka. Alisema mkasi unamtetemeka mkononi, anaogopa kuharibu kazi za watu, na anatamani kukaa na wajukuu kabla hawajawa wakubwa wa kuona haya kupakatwa. Nikamwuliza, basi kwa nini haendi. Akasema hawezi kumwachia binti yake karakana peke yake. Yule hajui kuomba msaada, akasema, na akimwambia amechoka atamvunja moyo. Ndiyo maana anajikaza, anaamka kila asubuhi, anashika chaki. Mimi niliyekuwa nikikwambia Baba hawezi kuacha kazi, kumbe kazi anayoshindwa kuiacha ni mimi.

Juzi nilimpeleka kwa daktari, uso mtupu, nikijitambulisha kama mtoto wake. Daktari alimwuliza maswali madogo, mengine akayajibu kwa kejeli, mengine akanitazama mimi nimsaidie. Tulipobaki wawili daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, hauponi, ila unaweza kwenda polepole mtu akiwa ametulia, analala vizuri na anaitwa kwa jina lake na watu wanaomjua. Alirudia hilo la mwisho. Nadhani anawaambia wote hivyo, lakini niliinama nikatafuta kalamu ambayo sikuwa na haja nayo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aje kwako. Ulisema kweli, nami nilikutolea maneno makali bure, unisamehe. Njoo umchukue wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwambie mimi ndiye niliyekuita, na kwamba karakana ina watu wa kutosha, Bi Sindano amekubali kusimamia mbele. Mwambie mbele yangu ili nami nisiweze kugeuka. Usinipigie simu kwanza kuniarifu siku, kwa sababu nikisikia sauti yako nitakwambia Baba mzima, na nitalisema vizuri, utaniamini. Ukifika ingia tu, mlango wa mbele haufungwi mchana. Ukinikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja, yeye anaongea na mimi namsikiliza, usishangae na usinionee huruma. Mwite wewe. Mimi nimeshajaribu mara nyingi kumkatiza, na kila mara nangoja kwanza amalize.

Nisalimie wifi sana, mwambie rangi ya chumba aliyoichagua nimeipenda nilivyosikia. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka na kwamba babu yao anajua hadithi nyingi, wamwombe za zamani. Bi Sindano anakusalimu. Baba hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake utazipata kwake mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,

Kitinda